Fundo Chini ya Tangi

Pikipiki ilikuwa imelazwa juu ya magunia nyuma ya kituo cha polisi cha Newala, na Mkaguzi Msaidizi Silvesta Mughwai alikuwa amechuchumaa pembeni yake kama mtu anayechambua dagaa. Kila alichokifungua alikiweka chini kwa mpango: bolti huku, nati kule, na vile ambavyo moto ulikuwa umevigeuza kuwa kitu kisicho na jina akavirundika peke yake.

"Afande, chai inapoa," alisema Koplo Abdulkadiri.

"Iache ipoe."

"Ikipoa inzi wanaingia."

"Basi inywe wewe, pamoja na inzi wako."

Koplo akainywa. Alikuwa mzaliwa wa Masasi, mnene, mwenye utani hata kwa wakubwa, na ndiye aliyempokea Silvesta jana alipowasili kutoka Mtwara. Silvesta mwenyewe alikuwa mtu wa Singida. Alikuwa na miezi michache tu kusini, na bado alishangaa kila alipoambiwa kwamba maji ya kunywa yanatoka bondeni, nusu siku kwa miguu.

Kazi aliyotumwa ilionekana fupi. January, dresa aliyetibu wagonjwa wa kijiji cha ujamaa cha Namkonda, alikuwa ameungua vibaya siku ya Jumatano jua likizama, akiteremka mlima ulio chini ya kijiji chake. Moto ulitokea chini ya tangi la petroli naye akiwa juu ya pikipiki. Alikuwa hai, amelazwa Lulindi kwa wamisionari, amefungwa bendeji toka kiunoni hadi machoni, na hasemi neno. Katibu wa kijiji, Nicholaus, alikuwa ameungua mikono yote miwili katika kumwokoa. Mkuu wa Kituo alipolieleza hilo alitikisa kichwa kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa imeenea wilaya nzima.

Ndani ya mahabusu alikuwamo Dastani, fundi wa baiskeli na pikipiki, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma aliyekimbia vita na kuja kufungua kibanda chake Newala. Yeye ndiye aliyefunga waya mpya kwenye pikipiki ya January, na waya wenyewe ulikuwa wa jeshi. Katibu Nicholaus alitamka neno bomu mbele ya umati, na neno likafika kituoni kabla yake. Huo ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Ndege za Wareno zilikuwa zimekwisha kuvuka mto zaidi ya mara moja, kwa hiyo neno hilo halikuhitaji kusukumwa.

Alasiri lori la jeshi lingepita kumchukua Dastani na kumpeleka Mtwara kama jasusi. Koplo alikuwa hajapata kumwona mtu aliyepanda lori hilo kwa kosa hilo akarudi kulima shamba lake. Mkuu wa Kituo alitaka jalada liwe limefungwa kabla ya hapo, na Silvesta alitumwa alifunge. Nje ya lango, Yuliana, mke wa Dastani, alikuwa amekaa juu ya kanga yake na chungu kilichofunikwa kwa sahani, akisubiri mtu wa kumwambia kama mumewe ataruhusiwa kula kabla ya safari.

"Sogea," Silvesta alisema. "Unanizibia mwanga."

Alianza kuufuata waya. Ulitoka kwenye betri, chini ya kiti, ukaenda mbele hadi kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Swichi hiyo ilikuwa ya kuzima taa zote kwa mpigo mmoja, ya mbele na ya nyuma. Tangu ndege zianze kuvuka, hakuna aliyeruhusiwa kuonyesha taa usiku uwandani, na dresa anayeitwa na wagonjwa usiku alihitaji kitu cha kuzimia taa mara anaposikia ngurumo. Dastani alimtengenezea.

Tangi la pikipiki hukalia bomba la fremu kama mtu aliyepanda punda, mguu huku na mguu huku. Waya lazima upite humo katikati, kati ya bomba na bati la tangi. Dastani alikuwa ameupitisha upande wa kushoto, chini ya bomba, mbali na koki ya petroli iliyokuwa kulia. Aliuzungushia vipande vya tyubu ya baiskeli na kuufunga kwenye fremu kila baada ya shubiri. Upande huo pikipiki ilikuwa imeangukia mchanga, na watu wakaumwagia mchanga mwingine, ndiyo maana tyubu ilisalimika. Kila fundo lilikuwa dogo, limekazwa, ncha zimechomekwa ndani zisionekane.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia nyuma hadi karibu na shingo ya usukani. Hapo waya uliacha njia yake. Ulipanda juu ya bomba, ukalala bapa mahali ambapo tangi hukaa kwa uzito wake wote, kisha ukaenda moja kwa moja hadi kwenye swichi, umenyooka bila mkunjo. Pale juu ya bomba ulikuwa umepondeka. Mpira wake ulikuwa umelika, shaba iko nje, na ncha ya shaba ilikuwa imeyeyuka ikawa tone. Fundo la mwisho kabla ya shingo lilikuwa la vitanzi viwili.

"Koplo. Fundo hili ni la namna gani?"

Abdulkadiri aliinama, akapumua kwa nguvu. "La kamba za viatu, Afande."

"Wewe ukifunga mzigo juu ya basi, unafunga hivi?"

"Mzigo wangu ungebaki Nanganga, mimi nikafika Lindi."

Silvesta aligeukia upande wa koki. Mpira wa petroli ulikuwa umeteketea wote. Kibanio chake cha chuma, kile kinachoubana mpira usichomoke, hakikuwepo kwenye koki. Jana walikuwa wamechekecha mchanga wa pale mlimani kwa chekecheo la unga na wakapata hata vifungo vya shati la January, lakini hawakupata kibanio. Moto hauli chuma. Kilikuwa hakijarudishwa.

Alijikuna kidole gumba cha kulia, akasimama.

"Nileteeni fundi."

Dastani aliletwa kwenye stoo ya kituo, mahali palipokuwa na meza na viti viwili. Alikuwa kijana wa kiasi cha miaka thelathini, mwembamba, mwenye chale za zamani usoni, amevaa makubadhi ya tairi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa. Waya huu umeupata wapi?"

"Dukani, Masasi."

"Duka gani?"

"La karibu na stendi."

"Huu ni waya wa simu ya jeshi. Hauuzwi karibu na stendi wala mbali na stendi."

Dastani aliitazama meza.

"Lori linakuja alasiri," Silvesta alisema.

"Najua. Mke wangu ameambiwa."

"Basi sema."

Silvesta hakumsukuma. Alimwekea mezani kipande cha waya, vipande vya tyubu na kisu kisicho na makali, akaipindua stuli iliyokuwa kando.

"Funga waya kwenye mguu huu. Kama unavyofunga siku zote."

Dastani alidhani anachezewa, lakini akafunga. Vidole vyake vilikwenda haraka. Fundo likatoka dogo, limekazwa, ncha zimepotea ndani. Silvesta akamwambia afunge jingine, likatoka vilevile.

"Sasa funga kama kamba za viatu."

"Viatu vya kamba sijapata kuvaa, Afande."

"Jaribu."

Alijaribu. Kilichotoka kilimfanya Koplo, aliyesimama mlangoni, ageuke atazame nje. Hata Dastani mwenyewe alitaka kutabasamu, kisha akakumbuka alipo.

"Waya uliupitisha wapi?"

"Kushoto, chini ya bomba. Kulia kuna koki, petroli hudondoka. Pale shingoni nikaacha mkunjo, usukani ukikata kona waya usivutike."

"Mkunjo kiasi gani?"

Akaonyesha kwa kidole gumba na cha shahada vilivyoachana.

"Na mpira wa petroli?"

"Niliurudisha, nikaubana. January akajaribu hapo hapo, taa zikawaka, zikazima. Akaendesha siku nyingi baada ya hapo. Alipita tena kibandani kunishukuru, akaniletea ndizi."

"Tangi lilikuwa na rangi gani?"

Dastani alishangaa swali hilo. "Juu jekundu. Mbavuni linang'aa kama kioo. Mke wangu alijitazama humo akafunga kilemba."

Silvesta alitazama dirishani. Ubavu wa tangi ulioangukia mchanga, ambao moto haukuufikia, ulikuwa mweusi tii. Jana aliukwangua kwa ukucha, akadhani ni masizi. Lakini masizi hayanati.

"Mara ya mwisho, Dastani. Waya."

Fundi aliisimamisha stuli. "Nina ndugu yangu," alisema, "yuko na wapigania uhuru. Nikimtaja jina, na yeye mtamfuata."

"Jina silitaki. Alikupa waya mzima au kipande?"

"Kipande kilichokatika. Wangekitupa. Waya wa dukani hauvumilii barabara ya hapa, Afande. January anabeba sindano za watu. Nilitaka kilicho bora."

Silvesta alikasirika, na hakujisumbua kuficha. Mtu alikuwa radhi kupelekwa Mtwara kama jasusi kwa sababu ya kipande cha waya kilichokuwa kimekwisha kutupwa.

"Ungesema tangu jana."

"Jana hakuna aliyeniuliza waya. Waliniuliza bomu."

Walipomrudisha mahabusu, Silvesta alitoka nje, akajikuta anajikuna tena. Koplo Abdulkadiri aliushika mkono wa mkubwa wake bila kuomba ruhusa, akaugeuza juani. Ncha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, na ngozi ya pembeni ilikuwa imeumuka malengelenge.

"Afande, tangu lini umeanza kubangua korosho?"

"Sijawahi kubangua korosho maishani mwangu."

"Kidole chako kinasema umebangua."

"Eleza."

Koplo akaeleza, huku akicheka kidogo. Ganda la korosho lina mafuta meusi. Korosho zikichomwa, mafuta hutiririka, na watu huyakinga kwenye kopo wakapaka nguzo za nyumba, mchwa wasile. Yakigusa ngozi hayaumi hapo hapo. Kesho yake ngozi inababuka kama imemwagiwa maji ya moto, na hatimaye inavuka yote.

Silvesta alirudi penye magunia na kunusa ubavu wa tangi. Safari hii hakugusa.

"Mtu wa hapa angeyapaka kwa mkono mtupu?"

"Nani? Hata mtoto anajua kujipaka jivu kwanza. Labda awe mgeni."

"Kama mimi."

"Sikusema hivyo, Afande."

"Umesema. Lete Landrova."

Barabara ya Namkonda ilipita Mnyambe, kisha ikaingia kwenye mikorosho iliyopandwa kwa mistari hadi macho yachoke. Ilikuwa katikati ya msimu, na moshi wa kuchoma korosho ulitanda juu ya kila ua. Silvesta alikuwa anamkumbuka Katibu Nicholaus alivyokuwa jana pale penye mchanga ulioungua: mtu mrefu, mpole, aliyemsalimu kwa kuinamisha kichwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji. Alivaa viatu vyeusi vilivyopigwa dawa vizuri. Kamba za viatu zilikuwa zimechomekwa pembeni, hazikufungwa.

"Katibu Nicholaus ni mtu wa wapi?" aliuliza.

"Rombo, kule Kilimanjaro. Kaja hapa mwezi wa Mei."

"Msimu wa korosho uliopita hakuwepo."

Koplo alipunguza mwendo, akamtazama. "Hakuwepo," alisema, na hakufanya utani tena mpaka walipofika.

Mama Bibiana aliishi kwenye kona ya mlima, hatua chache toka penye mchanga ulioungua, nyumba ya mwisho kabla barabara haijapanda kijijini. Walimkuta ameketi uani, amejipaka jivu hadi kwenye viwiko, anagonga korosho juu ya jiwe.

"Shikamoo, mama," alisema Koplo.

"Marahaba, wanangu. Msikanyage hapo, mtaharibu viatu vya serikali."

Silvesta alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Mama, Jumatano jioni ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilimsikia January anateremka, namjua mlio wake. Hakuwa anakimbia. Akafika hapo kwenye kona, akakata usukani, nikaona cheche hapa." Aligusa mapaja yake mawili, pale tangi lingekuwa. "Kisha moto."

"Cheche kwanza, moto baadaye?"

"Kwanza cheche. Moto ukaja kama ulikuwa unangoja."

"Ulisikia mshindo? Kama wa bunduki?"

"Mshindo ni wakati ameanguka."

"Nani alimtoa?"

"Mimi na Baba Bibiana. Tulimvuta kwa miguu, tukammwagia mchanga na lile debe la maji tulilokuwa nalo. Maji ya siku mbili yale."

"Na Katibu?"

"Katibu alikuja akikimbia kutoka juu, January tumekwisha mlaza. Alipiga magoti, akalia kama mtoto. Alilia kweli, sitasema uongo."

"Mikono yake aliiunguza wapi?"

Mama Bibiana aliacha kugonga. "Alikuja nayo imefungwa vitambaa. January mwenyewe ndiye aliyemfunga, siku moja kabla. Si aliniambia alipopita hapa? 'Mama, Katibu kashika mafuta yenu kwa mkono mtupu.' Tukacheka sana."

"Mafuta alipewa na nani?"

"Mimi. Alikuja na kopo, nikamjazia. Hapa kila mtu anachukua ya nguzo. Sikumwambia habari ya jivu. Nilidhani anajua." Akaitazama mikono yake myeupe kwa jivu. "Mtu mkubwa vile, nitamwambiaje jivu?"

"Mbona hukuyasema haya kwa polisi?"

"Nani aliniuliza? Walisimama pale barabarani, wakauliza kama nimeona mgeni ana bomu. Nikasema sijaona. Wakaenda."

Ofisi ya kijiji ilikuwa nyumba ndefu ya udongo juu kabisa ya mlima. Kutoka barazani kwake kona ya Mama Bibiana ilionekana wazi, hata kuku wake. Silvesta alisimama hapo kwanza, akaangalia kona, ndipo akabisha hodi. Nguzo za baraza zilikuwa nyeupe, hazijapakwa kitu, zimeliwa na mchwa hadi magotini.

Nicholaus aliwakaribisha kwa upole ule ule. Karani aliondoka bila kuambiwa.

"Mmekuja kwa habari ya fundi," Katibu alisema. "Lori limekwisha kupita?"

"Bado. Pole na mikono."

"Tumeshapoa."

"Naomba ukunje mikono ya shati."

"Kwa nini?"

"Naomba."

Koplo alimsaidia kuikunja, maana bendeji zilimzuia. Mikono ilikuwa na vinyweleo vyeusi, vizima, kuanzia kwenye bendeji hadi kwenye kiwiko. Silvesta aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mtu anayeingiza mikono kwenye moto wa petroli," alisema, "huanza kuungua vinyweleo."

Nicholaus aliivuta mikono kifuani.

Silvesta aliinua kidole gumba chake na kumwonyesha. "Mimi nimegusa tangi mara moja tu, kwa ukucha. Wewe ulilipaka lote."

Katibu alikitazama kidole kile. Alikaa kitini taratibu.

"Lilikuwa linang'aa mno," alisema. "Kamati ya ulinzi ilituambia kila king'aacho kifunikwe, mabati, vioo, kila kitu. Rangi haikupatikana Newala. Masasi nako hakuna. January alikuwa anapita mchana barabarani na kioo katikati ya miguu. Nikaona ndege itamwona."

"Ulilifungua tangi."

"Huwezi kulipaka vizuri bila kulifungua. Nilitaka lipakwe vizuri."

"Na waya?"

"Ulinizuia kulirudisha. Mikono inateleza kwa mafuta, tangi halikai. Nikakata yale mafundo ya mbele, nikauvuta waya upite juu, nikaufunga. Tangi likakaa."

"Kibanio cha mpira wa petroli?"

"Kipi?"

Silvesta alimwonyesha kwa vidole. Nicholaus alifikiri. "Kiliruka majanini. Niliona mpira umeshika hata bila hicho."

Koplo Abdulkadiri alivua kofia, akaivaa tena.

"Hukumwambia January?"

"Nilimwambia nimepaka rangi. Akacheka, akanifunga mikono." Nicholaus aliziangalia bendeji zake. "Tunakula pamoja kila jioni, Afande. Alinipokea hapa nilipokuwa sina hata sufuria."

"Ulijua lini kwamba ni waya?"

Katibu aligeuza uso kuelekea barazani. "Nilikuwa nimesimama pale. Nilimtazama anateremka. Alipokata kona, moto ukatoka pale pale nilipofunga. Sikuhitaji kuambiwa."

"Ukasema bomu."

"Watu walikuwa wanauliza ni nini, ni nini. Wengine walishaanza kulitaja. Nikalisema."

"Na Dastani?"

"Nilidhani watamhoji, wamwachie."

"Hukudhani hivyo. Umeniuliza kama lori limepita."

"Hapana," Nicholaus alikubali. "Sikudhani hivyo. Nililingoja lipite."

Lori la jeshi lilikuwa limekwisha kufika walipoingia Newala pamoja na Katibu. Dereva alikuwa amelala chini yake, kivulini. Sajini wa jeshi alikuwa amesimama kwenye ngazi za kituo pamoja na Mkuu wa Kituo. Yuliana alikuwa amesimama sasa, chungu kichwani, kana kwamba naye angepanda.

"Nimekuja kuchukua mtu," alisema sajini.

"Mtu hayupo," Silvesta alisema.

"Na huyu wa bendeji?"

"Huyu ni wa polisi. Hakuna bomu. Kuna tangi lililorudishwa vibaya na mtu aliyenyamaza."

Mkuu wa Kituo alifungua kinywa, akamtazama Katibu, akakifunga. Waliingia ndani. Silvesta alieleza kuanzia kwenye fundo hadi kwenye kibanio, kwa sauti ile ile angetumia kueleza bei ya chumvi, na Nicholaus aliitikia kila alipoulizwa. Sajini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka akamwamsha dereva.

Maelezo yalipokwisha kuandikwa, Nicholaus hakuweza kushika kalamu. Koplo alimfungua bendeji ya mkono wa kulia, taratibu, akaleta wino. Ngozi ya kiganja ilikuwa imevuka yote, na ya chini yake ilikuwa nyororo, nyekundu, kama ya mtoto mchanga. Koplo akakipaka kidole gumba wino, akakikandamiza kwenye karatasi, akakiinua. Lilibaki doa jeusi la mviringo.

"Alama haina mistari, Afande," alisema.

Silvesta aliangalia. "Iache hivyo hivyo. Andika kando: alama yake."

Dastani alitolewa wakati huo huo. Alipita mlangoni akakutana uso kwa uso na Katibu, aliyekuwa amenyoosha mkono wake mbichi mbele, hana pa kuuweka. Dastani alikuwa amekwisha kuambiwa. Kila mtu kituoni alingoja atukane, na Silvesta alikuwa ameamua kutomzuia.

Fundi aliutazama ule mkono, akautazama sana.

"Kibanda changu kiko pale sokoni, Katibu," alisema. "Ungeniita tu. Ningekufungulia tangi, ukapaka, nikalirudisha. Kazi ya kungoja chai ichemke."

Nicholaus alitikisa kichwa kukubali. Hakuacha kutikisa hata Dastani alipokwisha kutoka. Baadaye aliomba apitishwe Lulindi akamwone January.

"Utamwambia nini?" Silvesta aliuliza.

Nje lori lilinguruma na kuondoka tupu kuelekea Mtwara. Pale langoni Yuliana alitua chungu chini, akamnawisha mumewe mikono kwa maji ya kikombe, akiyamimina kidogo kidogo kwa kuwa hayakuwa mengi.